Kutembelea Mashamba ya Mizabibu ya Milimani Alto Adige: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikirudi kutoka Alto Adige, kaskazini mwa Italia, watu huniuliza mambo yale yale: nifikeje, niende mwezi gani, nianzie wapi, na je, asiyekunywa ana la kufanya huko? Nimeyakusanya hapa. Ushauri wangu mkubwa utauona ukijirudia kwenye majibu: panga safari yako kwa kufuata mwinuko wa ardhi, usifuate orodha ya viwanda maarufu vya mvinyo. Ukionja mvinyo wa bondeni asubuhi na wa mlimani mchana wa siku hiyohiyo, utaelewa kwa ulimi jambo ambalo maelezo marefu hayafikii.

## Mambo ya msingi

Alto Adige iko wapi hasa?

Ni sehemu ya kaskazini kabisa ya Italia, ndani ya milima ya Alps, ikipakana na Austria na Uswisi. Mji wake mkuu ni Bolzano. Ukiitazama ramani, mabonde yake yanachora herufi Y: bonde la Venosta linatoka magharibi na kupita Merano, bonde la Isarco linatoka kaskazini-mashariki, na yote mawili yanakutana karibu na Bolzano na kuwa bonde moja la mto Adige linaloteremka kusini. Mizabibu imepandwa kufuata herufi hiyo, kuanzia mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,000.

Eneo lenyewe ni dogo. Mashamba ya mizabibu ni kama hekta 5,800, chini ya asilimia moja ya mizabibu yote ya Italia. Kwa mgeni hilo ni jema: ukikaa kituo kimoja unaweza kuyafikia yote kwa treni na basi.

Bolzano kiangazi ni joto kali. Kwa nini inaitwa nchi ya mvinyo wa hali ya hewa ya baridi?

Swali hili lina haki yake, kwa sababu Bolzano mwezi wa Julai huwa miongoni mwa miji yenye joto zaidi Italia. Mji umekaa kwenye bakuli la mawe. Miamba ya porfiri, ile myekundu inayoelekea zambarau, inanyonya jua mchana kutwa, na milima ya kaskazini inazuia upepo wa baridi usiingie.

Jua likishatua mambo yanageuka. Hewa baridi inateremka kutoka vileleni na kumwagika mashambani, na ukiwa umekaa nje kwa chakula cha jioni utalitafuta sweta. Mchana zabibu hujaza sukari, usiku ile baridi huzuia uchachu wake usipotee. Ndiyo maana mvinyo wa hapa unakuwa na utamu wa tunda lililoiva vizuri na bado unakata ulimini kama limau. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa takriban nusu digrii au zaidi kidogo kwa kila mita 100. Shamba la mita 800 na la mita 250 yanaweza kuwa na mmiliki mmoja na moja likaonekana kutoka jingine, lakini hali za hewa ni mbili tofauti.

Kuna pia upepo unaoitwa Ora. Unatoka upande wa ziwa Garda na kupanda bondeni mchana. Kaa kando ya ziwa la Caldaro baada ya chakula cha mchana, utauona ukifika: maji yaliyotulia kama kioo yanaanza kukunjamana upande wa kusini, kisha majani ya mizabibu ya ukingoni yanageuza migongo yao meupe. Wakulima wanaupenda kwa sababu unakausha majani na kupunguza ukungu.

Kwa nini kila mji una majina mawili?

Mkoa huu ulikuwa chini ya Austria hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo ukaingia Italia. Wakazi wengi hadi leo lugha yao ya nyumbani ni Kijerumani, na kwenye mabonde kadhaa ya milima ya Dolomiti watu huzungumza Kiladini. Kwa hiyo vibao huandikwa kwa lugha zaidi ya moja: Bolzano ni Bozen, Caldaro ni Kaltern, Termeno ni Tramin, Appiano ni Eppan, na mkoa wenyewe ni Südtirol. Andika majina yote mawili kwenye daftari lako kabla ya kuondoka. Lebo ya chupa mara nyingi hubeba jina la Kijerumani ilhali tiketi yako imeandikwa kwa Kiitaliano.

Kusalimu ni rahisi. Vijijini anza na "Grüß Gott", mjini "buongiorno" inatosha.

Nahitaji viza?

Italia imo kwenye eneo la Schengen. Kama pasipoti yako inahitaji viza, utaomba ile ya muda mfupi inayoruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Utahitaji bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Usisubiri siku 15 hizo. Msimu wa mavuno nafasi za kuwasilisha maombi hujaa mapema.

## Wakati wa kwenda

Mwezi gani ni bora?

Kwangu ni mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mavuno huanza bondeni mwanzoni mwa Septemba, wakati mwingine mwisho wa Agosti, kisha hupanda mlima polepole wiki baada ya wiki. Ukifika wakati huo utakuta trekta ndogo zimejaa zabibu zikisubiri zamu ya kupimwa, na kijiji kizima kinanuka maji ya zabibu yanayoanza kuchacha.

Aprili ina uzuri wake. Bonde linajaa maua ya mitufaa, kwa sababu karibu nusu ya matufaa ya Italia hutoka hapa. Usiku ukitarajiwa kuganda, wakulima hufungulia maji juu ya miti. Maji yanaganda kuzunguka ua, na yakiganda yanaachia joto kidogo linaloliokoa. Asubuhi jua likichomoza, shamba zima linameta kama limevikwa glasi, na ndani ya kila kipande cha barafu kuna ua zima.

Julai na Agosti kuna watu wengi, na bondeni ni joto. Ukienda wakati huo, lala juu mlimani.

Törggelen ni nini?

Ni desturi ya vuli, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba hivi. Jina linatokana na Torggl, yaani mashine ya kukamulia zabibu. Zamani wakulima walitembeleana kuonja mvinyo mpya. Leo unatembea milimani mchana, kisha unaingia nyumba ya mkulima aliyefungua chumba chake kwa wageni, yaani Buschenschank, na kukaa meza moja na usiowajua.

Kinachokuja mezani ni supu ya shayiri, vifuko vya unga vilivyojazwa mchicha na jibini, soseji na kabeji iliyochachishwa. Mwisho huletwa kastania, zile kokwa za kahawia zinazochomwa kwenye kikaango chenye matundu. Zinafika zikiwa moto, unazimenya kwa vidole na kuzipaka siagi. Mvinyo mpya, ambao bado ni mtamu na haujamaliza kuchacha, unateremka kama maji ya matunda, basi nenda nao taratibu. Bonde la Isarco ndilo kitovu cha desturi hii. Jumamosi za Oktoba huwezi kupata meza bila kuweka nafasi kabla.

Na wakati wa baridi?

Viwanda vikubwa huwa wazi kwa kuonja, mashamba madogo mengi hufunga. Nenda kwa ajili ya theluji na uonje kidogo pembeni.

## Kufika na kuzunguka

Nifikeje?

Kwa treni, kupitia reli ya Brenner, inayovuka Alps kati ya Austria na Italia. Kutoka Verona hadi Bolzano ni kati ya saa moja na nusu na mbili, na kutoka Innsbruck ni kama saa mbili. Ukitua Milano, Venezia au München utaunganisha treni bila taabu. Ukitokea kusini, kaa dirishani kuanzia Trento: bonde linabana, kuta za miamba zinakaribia, na mizabibu inaanza kuegemea milima.

Nahitaji kukodi gari?

Hapana, na ninakusihi usikodi. Treni ya Bolzano hadi Merano ni kama dakika 40, ya Bressanone ni kama nusu saa, na mabasi hufika vijiji vyote vya mvinyo. Nyumba nyingi za wageni hukupa kadi iitwayo Südtirol Guest Pass, inayokuruhusu kupanda mabasi, treni za mkoa na baadhi ya magari ya nyaya bila kulipa nauli zaidi. Uliza kabla ya kulipia chumba, si baada ya kufika.

Angalia tu saa ya basi la mwisho. Nje ya mji mabasi hupungua jioni, na Jumapili ratiba ni nyingine.

Nikiendesha, naweza kunywa kiasi gani?

Kikomo cha Italia ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Kwa dereva aliye chini ya miaka 21, au mwenye leseni isiyozidi miaka mitatu, kikomo ni sifuri. Sheria inagusa baiskeli pia, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Barabara za hapa zina kona kali na mteremko upande mmoja, kwa hiyo mimi nasema anayeendesha asinywe kabisa. Kama hamna wa kujitolea, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Barabara ya Mvinyo ni nini?

Ni njia iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, inayounganisha vijiji kutoka Nalles hadi Salorno kupitia Bolzano, Appiano, Caldaro na Termeno. Usijaribu kuimaliza. Chagua vijiji viwili vinavyopakana na uvitembee kwa miguu. Kati ya Caldaro na Termeno, kwa mfano, unapita katikati ya mizabibu na ziwa liko chini yako muda wote.

## Kuonja

Lazima niweke miadi?

Viwanda vikubwa vina duka lenye kaunta ambapo unaingia tu na kuonja. Ukitaka kuona mapipa na kuongea na mtengenezaji, andika barua pepe wiki moja au mbili kabla, na wakati wa mavuno zaidi ya hapo. Mashamba madogo ni lazima uwaandikie, kwa sababu anayekupokea ndiye huyohuyo anayepogoa na kupakia chupa. Wengi hufunga mchana kwa chakula na Jumapili kutwa.

Kwa siku nitembelee viwanda vingapi?

Viwili. Safari yangu ya kwanza nilipanga vitano kwa siku moja, kwa kuogopa kukosa kitu. Kufika cha nne nilikuwa siwezi tena kutofautisha mvinyo mmoja na mwingine, na mama aliyenihudumia alikuwa amenifungulia chupa ya shamba la babu yake. Nilijisikia vibaya kwa sababu kazi yake ya mwaka mzima ilipita mdomoni mwangu bure. Tangu siku hiyo ni kimoja asubuhi, kimoja saa kumi alasiri, na katikati natembea.

Nianze na mvinyo upi?

Fuata mwinuko, kuanzia chini kwenda juu.

Bondeni Bolzano, mtaa wa Gries, ndiko nyumbani kwa Lagrein, zabibu nyeusi yenye asili ya hapahapa. Mvinyo wake ni mzito, una rangi ya wino na harufu ya matunda meusi, na unahitaji joto hilo la bakuli la mawe ili uive. Ukiinua macho tu utaona vilima vya Santa Maddalena, ambako zabibu ya Schiava (kwa Kijerumani Vernatsch) hutoa mvinyo mwekundu mwepesi unaonyweka umepoozwa kidogo. Wageni huudharau kwa sababu rangi yake ni hafifu. Uonje pamoja na mkate mkavu na jibini kabla ya kutoa hukumu.

Panda kidogo. Termeno ndiko kulikotoa jina la Gewürztraminer, ile zabibu yenye harufu ya waridi. Upande wa pili wa bonde, kwenye tambarare ya Mazzon juu ya Egna, jua la asubuhi huchelewa kwa sababu ya mlima na la alasiri hukaa sana. Hapo Pinot Nero, zabibu ya mvinyo mwekundu, imepata makao yake. Terlano, kwenye udongo wa ile porfiri nyekundu, hutoa Pinot Bianco, mvinyo mweupe ambao unaweza kukaa chupani miongo kadhaa na bado ukawa hai. Ukipewa nafasi ya kuonja uliozeeka, usikatae.

Kisha nenda bonde la Isarco. Hapa mizabibu imeng'ang'ania miteremko hadi mita 900 hivi, na karibu yote ni ya mvinyo mweupe: Sylvaner, Müller-Thurgau, Riesling na Kerner. Kerner ilizalishwa Ujerumani mwaka 1929 kwa kuchanganya Schiava na Riesling, kwa hiyo ukiinywa baada ya ile Schiava ya asubuhi unamnywa mtoto baada ya mzazi. Pahali pazuri pa kuonjea ni abasia ya Novacella karibu na Bressanone, iliyoanzishwa mwaka 1142 na ambayo bado inatengeneza mvinyo wake.

Kutema mvinyo si utovu wa adabu?

Hata kidogo. Ndoo ipo kwa kazi hiyo, na wenyewe hutema. Ukiogopa kutema mbele za watu, omba ujaziwe kidogo na umwage kinachobaki.

Kwa nini viwanda vingi ni vya ushirika? Si ndiyo mvinyo wa bei rahisi?

Kwingine huenda, hapa sivyo. Sehemu kubwa ya mvinyo wa mkoa hutoka kwenye vyama vya ushirika, na baadhi vina zaidi ya miaka 100: cha Terlano kilianza 1893, cha Termeno 1898. Sababu ni ukubwa wa mashamba. Familia nyingi zina hekta moja hivi, na hekta moja hailipi mashine wala mtaalamu. Wakiungana wanalipa. Mkulima hulipwa kwa ubora wa zabibu alizoleta, kwa hiyo hupunguza vichala mwenyewe ili vilivyobaki viive vizuri. Baadhi ya chupa bora kabisa nilizoonja huko zilitoka ushirika.

Nikionja lazima ninunue?

Ziara ya kulipia haina deni. Ukionjeshwa bure na mkulima aliyeacha kazi zake, nunua walau chupa moja.

## Kutembea nje

Matembezi gani yanafaa kwa mtu asiye mpanda milima?

Mawili, na yote yanaongeza kitu kwenye ile habari ya mwinuko.

La kwanza ni treni ya kamba ya Mendola, iliyofunguliwa mwaka 1903. Inaanzia juu ya Caldaro na kwa dakika 12 hivi inakufikisha kwenye kipito cha Mendola, mita 1,363. Mteremko wake unafika asilimia 64. Unaanza kwenye mizabibu, unapita msitu wa majani mapana, unamalizia kwenye misonobari, na ukishuka hewa imebadilika kiasi cha kutaka koti.

La pili ni mashimo ya barafu ya Appiano. Njia inapita msituni chini ya ukuta wa mlima, kwenye rundo la mawe makubwa yaliyoporomoka zamani. Hewa baridi inazama kati ya mawe na kutokea chini. Unashuka ngazi chache na kila hatua miguu inapoa, hadi magoti yako yako kwenye hewa ya friji huku kichwa kiko kiangazi. Mwanzoni mwa kiangazi bado huonekana barafu kwenye nyufa, na mimea inayomea hapo ni ile ya milima mirefu. Kutoka hapo hadi mizabibu ya karibu ni mwendo mfupi.

Kuna nini kingine kisicho mvinyo?

Jumba la makumbusho la akiolojia la Bolzano lina Ötzi, mtu wa miaka 5,300 hivi iliyopita aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991. Nenda asubuhi mapema. Jioni ya anga safi tafuta mahali pa kutazama mashariki: vilele vya Catinaccio hugeuka rangi ya waridi jua linapozama, kwa dakika chache tu.

## Hali za pekee

Sinywi pombe. Kuna maana ya kwenda?

Ipo, tena kubwa. Uzuri wa eneo hili ni ardhi, na ardhi hailewi mtu. Mashamba hutengeneza maji ya zabibu na ya matufaa, na baadhi hukamua kila aina ya tufaa peke yake, ukaonja tofauti kama wenzako wanavyoonja mvinyo. Sema mapema unapoweka miadi, watakuandalia.

Sili nguruwe. Nitapata nini?

Uwe macho na speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kwa sababu huingia hata kwenye madonge ya mkate yaitwayo canederli bila kutajwa. Omba ya mchicha au ya jibini, na uulize kama supu yake ni ya nyama. Vile vifuko vya unga vyenye mchicha nilivyovitaja kwenye swali la Törggelen kwa kawaida havina nyama.

Naweza kwenda na watoto?

Ndiyo. Ziwa la Caldaro lina maji ya vuguvugu kiangazi, na magari ya nyaya huwafurahisha. Pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18.

Nitabebaje chupa kwenye ndege?

Kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, kwa sababu kwenye viwanja vingi vya ndege vimiminika mkononi havizidi mililita 100. Omba kiwandani kasha la kinga, funga kila chupa ndani ya nguo, na uweke katikati ya begi. Kanuni za usalama wa ndege haziwekei kikomo pombe iliyo chini ya asilimia 24, lakini forodha ya nchi unayorudi inaweza kuweka. Isome kabla ya kununua kasha la chupa 12.

Nikipita katikati ya mizabibu naweza kuchuma kichala kimoja?

Usichume. Njia nyingi zinapita chini ya vichanja vya mbao ambavyo mizabibu imetandazwa juu yake, na zabibu zinaning'inia usawa wa uso wako, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Lakini hilo ni zao la mtu, na huenda lilipuliziwa dawa juzi. Ukimkuta mkulima, msalimu na umuulize. Mzee mmoja karibu na Caldaro alinikatia kichala cha Schiava kwa mkasi wake, akakifuta vumbi kwa kiganja, akanionyesha niteme kokwa palepale chini ya mzabibu.